Sista Syprose na Mishipa ya Watu wa Tilolwet

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 1998, Sista Syprose Atuti anakabidhi funguo za dispensari ya Shamba la Chai la Tilolwet baada ya miaka thelathini na miwili, miezi saba na siku kumi na moja ya kazi. Hesabu hiyo imefanywa na mwandishi wa wasifu huu, Bethwel Kimeli, karani wa kadi za wagonjwa tangu 1987. Sista ameikagua mara mbili, kwa sababu hajawahi kuiamini hesabu ya karani huyu hata siku moja.

Alizaliwa Nyakach mwaka wa 1943, akasomea uuguzi Kisumu, na akaripoti Tilolwet Jumamosi moja ya Machi 1966 akiwa na sanduku la bati, viatu vya ngozi nyembamba na kanzu ya mikono mifupi. Hakuna aliyemwambia kwamba Kericho kuna baridi. Anasema wiki ya kwanza alilala amevaa nguo zake zote na akafikiria kwa dhati kurudi kwao. Kilichomzuia ni kwamba gari la kampuni lilikuwa limeharibika, na lilipotengenezwa alikuwa ameshazalisha akina mama wanne na kuanza kujifunza Kipsigis. Alijifunza vibaya. Kwa mwezi mzima alikuwa akiwaambia wagonjwa wafe kidogo kitandani, akimaanisha walale, na inasemekana wengi walipona haraka ili waondoke.

Katika miaka hiyo thelathini na miwili amezalisha watoto ambao sasa ni manyapara, ameshona vidole vya wapogoaji wa chai wasiohesabika, na amemfukuza dispensari meneja mmoja aliyeingia akivuta sigara. Kinyesi, mkojo na hedhi anavitaja kwa sauti ileile anayotumia kutaja sukari na majani. Wageni kutoka makao makuu hupatwa na kikohozi cha ghafla wakimsikia. Sisi tumezoea.

Lakini mtu akiulizwa Tilolwet ni kwa nini Sista Syprose anaagwa kwa sherehe ya siku nzima, wakati wengine huagwa kwa soda moja, atajibu kwamba ni kwa sababu ya Julai 1994. Basi na tuieleze, kwa maana wafanyakazi wapya wameisikia ikiwa imetiwa chumvi nyingi mno.

Mwaka huo makao makuu waliagiza kwamba kila mfanyakazi wa shambani na kiwandani aliyezidi miaka arobaini apimwe afya. Daktari wa kukodiwa akatumwa. Mpango wote ulishikwa na Bwana Joab Mogaka, ofisa wa wafanyakazi, mtu mnadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na imani kubwa katika orodha. Bwana Joab aliamua kwamba upimaji ufanyike Jumanne saa kumi na mbili unusu asubuhi, baada ya kuitwa majina, ili kazi isichelewe. Mahali alipochagua ni banda la kupimia majani. Anayelijua banda hilo anajua kwamba lina paa, sakafu na upepo, lakini ukuta halina.

Julai ya mwaka ule ilikuwa ya mvua ya mawe. Watu mia mbili walipanga foleni wakiwa na aproni za plastiki zinazodondosha maji, miguu ndani ya buti zilizolowa. Wengine walikuwa wametembea kilomita tatu kupanda kilima. Hakuna aliyethubutu kwenda choo kwa kuogopa kupoteza nafasi yake. Daktari alikuwa na miadi Nakuru saa nane, kwa hiyo mtu alikunja mkono wa sweta, akafungwa mashine ya presha akiwa amesimama, akaulizwa jina na umri huku mpira ukijazwa, na akasukumwa mbele. Kufikia saa tano zoezi lilikuwa limekwisha. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamepita mpaka aliouweka daktari, yaani 160 kwa 95.

Siku iliyofuata Bwana Joab alikuwa na orodha yake, imepigwa chapa vizuri. Wote arobaini na mmoja wangestaafishwa kwa sababu za afya. Wangetoka kazini na katika nyumba za kampuni kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa wengi wao nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa karibu na shule ya watoto, na hawakuwa na nyingine. Kilichobaki ni sahihi ya msimamizi wa dispensari.

Wa saba katika orodha alikuwa Janeffer Chepchumba, mchumaji wa kitalu namba nne, mama wa watoto sita, ambaye kwa kasi ya mikono hakuna aliyemshinda wakati ule. Presha yake ilikuwa imeandikwa 172 kwa 104. Alipopewa habari na nyapara hakulia wala hakugomba. Alikuja moja kwa moja dispensari na kapu lake mgongoni, akasimama mlangoni maana alikuwa na matope.

"Sista," alisema, "mimi si mgonjwa. Mimi nilikuwa nasikia baridi."

Karani alikuwepo, na anaweza kushuhudia yaliyofuata. Sista Syprose aliomba kuletewa orodha. Akaisoma, akauliza kila mmoja alipimwa saa ngapi na mvua ilianza saa ngapi, halafu akasema neno moja la Kijaluo ambalo hakukubali kutafsiri hata tulipokuwa tukiandika wasifu huu.

Alikataa kutia sahihi. Bwana Joab alimkumbusha kwamba sahihi yake ilikuwa utaratibu tu. Sista akamjibu kwamba hata yeye anao utaratibu, na akaomba apewe hadi Jumamosi. Alipewa, kwa sababu meneja wa wakati ule alikuwa mtu aliyependa kuona mambo yanavyokwenda, mradi hayamhusu.

Jioni hiyo alimweleza karani alichokuwa akifikiria, akitumia mikono yake miwili na lugha ambayo hapa imepunguzwa makali. Mishipa ya damu, alisema, si mabomba ya chuma. Kuta zake zina misuli, na misuli hiyo hukaza au hulegea. Mtu akipatwa na baridi, mishipa midogo ya ngozi, ya vidole na ya miguu hujibana ili joto lisipotelee nje, likalinde moyo na maini. Ndiyo maana vidole vya mchumaji asubuhi huwa kama vya maiti. Damu haijapungua, lakini njia zimekuwa nyembamba, na moyo unalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ndiyo mashine inayoisoma. Woga nao hubana mishipa. Kibofu kilichojaa pia huipandisha presha, na hapo Sista alisema kwamba watu mia mbili wenye mkojo na hofu ya kufukuzwa wangeweza kuendesha boila ya kiwanda.

Aliongeza jambo ambalo ndilo lililofanya karani amwamini. Alisema hajui ni wangapi kati ya wale arobaini na mmoja waliokuwa wagonjwa kweli. Huenda wote. Lakini alitaka kujua kabla ya kuweka jina lake hapo.

Dispensari yetu, kama mjuavyo, zamani ilikuwa nyumba ya mzungu msimamizi, na chumba cha mbele kina meko ya ukutani. Miaka mingi meko hayo yalikuwa makazi ya panya na kadi za wagonjwa waliofariki. Alhamisi asubuhi Sista aliyafungua, akawasha kuni za blugamu, na akapanga mabenchi ukutani. Watu waliitwa watano watano. Mtu akifika kwanza alitumwa choo, atake asitake. Kisha alivua vilivyolowa, akafunikwa blanketi, akakaa dakika ishirini ameegemea ukuta, miguu sakafuni, mkono mezani. Chai ilikatazwa. Katika shamba la chai, mwuguzi alisimama mlangoni na kumnyang'anya mtu kikombe cha chai, akieleza kwamba nayo inaweza kupandisha presha kwa muda. Nyapara mmoja alitaka kupeleka jambo hilo kwa meneja kama uhujumu.

Na mazungumzo yalikatazwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu kubwa. Wachumaji watano wa Tilolwet kukaa dakika ishirini pamoja bila kusema neno ni jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na haliwezi kutokea tena. Mzee mmoja alisinzia, na Sista akafurahi sana, akatuamuru tutembee kwa ncha za vidole.

Kila mtu alipimwa hivyo siku tatu mfululizo, mara mbili kila siku. Karani aliandika. Janeffer alianza na 144 kwa 88, na siku ya tatu alikuwa na 136 kwa 82. Jumamosi saa nne hesabu ilikuwa hivi: watu ishirini na tisa walikuwa wameshuka chini ya mpaka na kukaa huko, na kumi na wawili hawakushuka. Karani, kwa ujinga wake, alipendekeza kwamba wale kumi na wawili wangeweza kuandikwa nambari nzuri kidogo. Sista alimtazama mpaka akaomba msamaha. Kisha Sista akaandika orodha mbili, na chini ya ile ya kumi na wawili akaandika kwamba hawa wana ugonjwa wa presha, kwamba una dawa, na kwamba ugonjwa wenye dawa haujawahi kuwa sababu ya kumfukuza mtu kazini.

Mkutano ulifanyika ofisini kwa meneja mchana ule. Bwana Joab alizipitia orodha kwa kalamu na kusema kwamba nambari hizi zilikuwa za kubembelezwa. Ukimpa mtu moto na blanketi, alisema, lazima ashuke, hata awe mgonjwa. Sista akasema hapana, mgonjwa hashuki, au hashuki vya kutosha, na kumi na wawili ndio ushahidi. Bwana Joab akasema yeye binafsi angeweza kupimwa mahali popote, baridini au motoni, na isingebadilika kitu, kwa kuwa ana afya. Meneja aliacha kusoma gazeti. Akamwambia basi akae.

Chumba kilikuwa na joto. Bwana Joab alikuwa ameketi zaidi ya nusu saa. Sista alimpa nafasi ya kwenda choo, akaenda, akarudi, akanyamaza kama alivyoagizwa. Mara ya kwanza mashine ilisoma 188 kwa 116. Akabadilisha mkono: 186 kwa 116. Akasubiri dakika kumi, akapima tena: 190 kwa 118. Karani alikuwa ameshika kalamu lakini hakuthubutu kuandika.

Sista Syprose alikunja mpira wa mashine taratibu. "Bwana Joab," alisema, "orodha yako ina watu arobaini na mmoja. Niongeze?"

Meneja alicheka mpaka akatoa leso. Bwana Joab hakucheka. Alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu, na Sista, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa tayari kumkata vipande, alivuta kiti akaketi kando yake na kuanza kumwuliza kwa sauti ya chini kama huumwa na kichwa asubuhi, na kama babake yuko hai. Babake alikuwa amefariki kwa kiharusi akiwa na miaka arobaini na tisa. Bwana Joab siku hiyo alikuwa na arobaini na saba.

Orodha ya kufukuza haikuonekana tena. Watu ishirini na tisa walirudi vitaluni Jumatatu. Kumi na wawili, pamoja na Bwana Joab, walianzishiwa dawa na kuendelea na kazi. Makao makuu nao walimwandikia Sista barua ya onyo kwa kuchelewesha zoezi la kampuni. Barua hiyo ilikuwa na makosa matatu ya tahajia. Aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuirudisha kwa posta.

Mambo ya mishipa yangekuwa yamekwisha hapo kama Bwana Joab angekuwa mgonjwa msikivu. Dawa aliyopewa na daktari wa mjini ilikuwa ya kulegeza mishipa, ipanuke, damu ipite kwa urahisi. Sista alimweleza kwa kirefu: ameze moja kila siku na chakula, asioge maji ya moto mno, na akiwa ameketi ainuke polepole. Bwana Joab aliitikia yote, maana wakati ule alikuwa akimwogopa.

Februari 1995 ikaja siku ya michezo ya shamba. Bwana Joab alikuwa amesahau kidonge cha jana, akameza viwili. Kwa kuwa alikuwa na hotuba, alioga maji ya moto kweli kweli. Akavaa suti nzito, akaketi juani saa mbili akitazama kuvuta kamba, na alipoitwa jina aliruka wima kama askari. Alisema "Mabibi na mabwana," akageuka kijani, akaanguka kifudifudi juu ya meza ya zawadi.

Palikuwa na vurugu. Kikundi cha kanisa kilianza kuomba, na sala yenyewe ilikuwa ya kuaga. Nyapara mmoja alileta ndoo ya maji. Wawili walimshika makwapani ili wamsimamishe. Sista alifika akiwasukuma watu kwa viwiko. "Mwacheni alale," alisema. "Damu yote iko miguuni."

Akamlaza chali, akaingiza gunia la majani chini ya visigino vyake, akalegeza tai. Huku akihesabu mapigo aliwaeleza waliokaribia kwamba hili lilikuwa kinyume cha lile la banda: pale baridi ilibana mishipa, hapa dawa mbili, maji ya moto na jua vimeipanua yote kwa pamoja, na alipoinuka ghafla damu ikazama chini kabla mishipa haijapata nafasi ya kujikaza kuizuia, presha ikashuka, ubongo ukakosa chake. Miguu ikiwa juu, damu itarudi kichwani. Watu wapatao mia tano walipata somo hilo wakitazama nyayo za ofisa wa wafanyakazi zikielekea mawinguni. Baada ya dakika tatu hivi Bwana Joab alifumbua macho na kuuliza alikuwa amefikia wapi katika hotuba. Alimalizia akiwa ameketi kwenye nyasi. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na ndiyo pekee iliyopigiwa makofi.

Karani aliomba ruhusa yake kuandika haya. Aliitoa mara moja, kwa sharti kwamba soksi alizovaa siku hiyo zisielezwe. Sharti limeheshimiwa. Tangu siku ile yeye ndiye anayepita kambini akiwahimiza watu waje wapimwe, na akimwona mtu mwenye dawa akiinuka kwa haraka anamkaripia mbele ya wageni.

Wasifu huu ungekuwa wa uongo kama ungeacha jambo moja. Kati ya wale kumi na wawili alikuwemo Ogada wa boila, mtu mpole, fundi hodari. Presha yake ilishuka vizuri kwa dawa. Kwa kuwa hakusikia maumivu yoyote, aliacha kuimeza, na hakumwambia mtu. Sista alipogundua vidonge havichukuliwi alikwenda kwake mara tatu na kumweleza habari za mishipa kwa mikono yote miwili. Alikubali kila mara. Agosti 1996 alipatwa na kiharusi akiwa kazini na tukamzika kwao, upande wa ziwa. Mjane wake ndiye aliyesema mwishowe kwamba Ogada alikuwa amesikia vidonge hivyo vinamaliza nguvu za mwanamume kitandani, na aliona aibu kuuliza.

Mwezi mzima Sista hakutania mtu. Karani alimwambia kwamba alifanya kila alichoweza. Alijibu kwamba hapana, alimweleza Ogada mambo mengi sana lakini hakumwuliza anaogopa nini. Tangu hapo kila mwanamume anayepewa dawa ya presha huulizwa swali hilo la kitandani kwanza kabisa, kwa sauti kavu, kabla hajapata nafasi ya kutazama pembeni, na kuambiwa kwamba kama dawa moja inamsumbua, ziko nyingine. Alhamisi mchana anafunga dispensari na kutembelea nyumba. Kwa miaka miwili sasa hakuna mgonjwa wa presha Tilolwet aliyeacha dawa kimyakimya. Wanaoacha humwambia kwanza, naye huwagombeza hadi waanze tena.

Wale wengine kumi na mmoja wako hai. Tisa bado wanachuma, wawili wamestaafu wakaondoka kwa miguu yao. Janeffer Chepchumba ndiye atakayetoa shukrani kwa niaba ya wachumaji, na ameombwa asizidi dakika tano, ombi ambalo hatutarajii alitimize. Funguo atakabidhiwa Sista Christabel kutoka Longisa, ambaye wiki hii ameshajifunza yale maneno ya Kipsigis kwa usahihi, bahati mbaya kwa wanaopenda kucheka.

Sista Syprose anahamia Soin, ambako mumewe Lazarus alitangulia mwaka juzi na tangu hapo anadai kusimamia ujenzi. Nyumba ina paa upande mmoja. Tunampa pole Bwana Lazarus kwa yanayomjia.

Sista, menejimenti, wafanyakazi na familia zao wa Tilolwet wanakushukuru kwa kazi yako, kwa ukali wako, na kwa kutokutia sahihi. Mungu akupe siku nyingi, usingizi mzito na majirani wasiokugongea mlango. Na wakikugongea, tunajua utaamka.